Eti kuna mwigizaji alifia stejini akicheza King Lear?

SWALI: Shikamoo mhariri. Tumebishana hapa hadi sauti zimekauka, jamaa mmoja anadai kuna mwigizaji wa Poland alidondoka akafa stejini mbele ya watazamaji akiwa anacheza King Lear, yule mfalme mzee wa tamthilia ya Shakespeare, mimi nikamwambia hizo stori za vijiweni. Tuamulie basi, na kama yupo ni nani?

JIBU: Marahaba. Mtu yupo, ni Tadeusz Łomnicki, na kweli alifia kazini, 22 Februari 1992 katika ukumbi wa Teatr Nowy mjini Poznań, ila hakukuwa na watazamaji, yalikuwa mazoezi, zimebaki siku chache tu onyesho lizinduliwe. Moyo ndio uliomwangusha, akiwa na miaka 64. Wanavyosimulia wenyewe alikuwa kwenye ile sehemu Lear kashavurugwa akili, anasema bado uhai upo, ukiutaka ukimbilie, halafu anatoka mbio. Akatoka, akaanguka.

Kwa watu wa mtaani kule Poland yeye ni yule shujaa mfupi wa upanga kwenye sinema ya Pan Wołodyjowski ya 1969, lakini mimi naona sinema zilimpa jina tu, kazi yenyewe ilikuwa stejini. 1962 mjini Warsaw alicheza Arturo Ui kwenye tamthilia ya Mjerumani Bertolt Brecht, yule jambazi anayemkodi mwigizaji mzee amfundishe kutembea na kuongea kama mkubwa, kisha unamwona anageuka Hitler hivihivi taratibu, mpaka leo wazee wa tamthilia wanaitaja. 1981 akawa Salieri, yule mtunzi wa muziki anayemwonea wivu Mozart, kwenye tamthilia ya Amadeus, aliyeongoza ni Roman Polanski, mwongozaji sinema maarufu, na huyohuyo Polanski ndo akacheza Mozart.

Siasa sasa, hapo ndo wengi walimnunia. Alikuwa mkuu wa chuo cha uigizaji Warsaw, huku yumo kwenye kamati kuu ya chama cha kikomunisti, na hakuwa anajificha. Desemba 1981 jeshi lilipotangaza hali ya hatari akarudisha kadi ya chama. Kuna waliosema kachelewa, sawa, ila kurudisha kadi wakati ule, vifaru viko barabarani, si mchezo.

Mkitaka kumwona msianze na ya mapanga, ndefu mno. Tafuteni sinema ya Niewinni czarodzieje ya 1960, yeye ni daktari wa wanamichezo, kapaka nywele rangi ya dhahabu, usiku anapiga drams kwenye bendi ya jazi.