Maswali na majibu: bodi za dari za plasta ya jasi

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaojitengenezea bodi za dari kwa plasta ya jasi, ile ambayo mafundi wengi huiita jipsamu. Nimeyapanga nionavyo mimi. Utaona mengi yanarudi kwenye maji: uliyotia, na yaliyogoma kutoka.

Mwalimu, plasta yangu inaganda ndooni kabla sijajaza kalibu ya pili. Mfuko ni mpya kabisa. Nakosea wapi?

Itazame ndoo kabla ya kuulaumu mfuko. Ukiona utando mweupe wa plasta ya jana umeshika ukingoni, umeshampata mchawi. Vipande vile ni fuwele za jasi tayari, yaani chembe zilizokwisha kuwa jiwe, na plasta mpya ikizikuta hujishikiza hapo na kuganda upesi. Osha ndoo, mwiko na fimbo ya kukorogea kila mara, si jioni tu. Pia usikoroge kwa nguvu wala kwa muda mrefu. Tangulia na maji, nyunyiza plasta juu yake, iache izame dakika moja hivi, ndipo ukoroge taratibu mpaka mabonge yaishe.

Ikibidi kuichelewesha, asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye yale maji inasaidia, lakini gramu 1 kwa kilo ya plasta ni nyingi tayari. Ukizidisha, bodi inakuwa dhaifu. Na rojo likishaanza kukaza, tafadhali usiliongezee maji ulilainishe. Unazivunja fuwele zilizokwisha kushikana, na hazitaungana tena kama mwanzo.

Maji kiasi gani kwa kilo ya plasta?

Hili ndilo swali ninalotamani kila fundi aanze nalo. Jasi inayochimbwa ardhini imebeba maji ndani yake, kama asilimia 21 ya uzito wote. Kiwandani huchomwa kwenye joto la nyuzi 150 hivi, robo tatu ya maji hayo ikaondoka, ikabaki unga tunaouita plasta. Wewe ukitia maji unairudishia kilichoondolewa, na inageuka jiwe tena. Kwa hesabu ya kikemia, kilo 1 ya plasta inahitaji gramu 186 tu za maji. Lakini kwa kiasi hicho hutapata rojo la kumimina, utapata udongo mkavu. Kwa hiyo tunatia gramu 600 hadi 800, tukijua kwamba sehemu kubwa itabidi itoke.

Chukua bodi ya sentimita 60 kwa 60, unene milimita 12. Inakula kilo 4 za plasta na lita 2.8 za maji. Ikitoka kwenye kalibu ina kilo 6.8. Ikikauka sawasawa inabaki na kilo 4.7 hivi. Lita 2 zimeondoka, na kila mahali zilipokuwa pamebaki kitundu kidogo. Ukiongeza maji umeongeza matundu, na nguvu imepungua. Pima kwa mizani. Kopo hudanganya, maana plasta iliyoshindiliwa na iliyolegea hazina uzito mmoja.

Nilifunga dari bodi zikiwa nyoofu. Mwezi haujaisha, zimetoa tumbo. Plasta mbovu?

Sidhani. Yalinikuta mimi mwenyewe miaka ya mwanzo: siku ya tatu nilizigusa, uso mkavu, nikapandisha. Ndani zilikuwa bado mbichi. Bodi iliyolowa haina hata nusu ya nguvu ya bodi kavu, na ikining'inia kwa uzito wake yenyewe hujipinda polepole. Ikija kukauka, inakauka na lile tumbo lake. Nilizishusha zote, na dari ile sijaisahau.

Tangu hapo sipandishi bodi bila mizani. Andika uzito kwa penseli mgongoni, pima tena kesho yake, na kesho kutwa. Uzito ukigoma kushuka kwa siku mbili mfululizo, imekauka. Zisimamishe kwa ubavu, nafasi katikati, upepo upite pande zote mbili. Ukitumia chumba cha joto, usivuke nyuzi 45, kwa sababu joto likizidi sana jasi huanza kuachia hata yale maji yake ya asili, na kingo zinakuwa unga.

Sina maabara. Nitajuaje bodi zangu zina nguvu?

Kata kipande kikavu cha upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 40. Kilaze juu ya vipande viwili vya bomba vilivyoachana sentimita 30. Katikati pitisha kamba yenye ndoo, kisha mimina maji pole pole mpaka kivunjike. Pima ndoo na maji yake. Kwa unene wa milimita 12, ndoo ikifika kilo 10 bodi imehimili kama niutoni 3 (niutoni ni kipimo cha nguvu) kwa milimita mraba.

Usitosheke na kipande kimoja. Vunja angalau vitatu kwa kila mchanganyo, na ukate vingine kwa mwelekeo wa pili, maana nyuzi za katani tunazozamisha kwenye rojo ili ziishikilie bodi zikilala upande mmoja bodi inakuwa na nguvu upande huo tu. Kitazame na kilivyovunjika: kikikatika kama biskuti, nyuzi hazitoshi au hazikuzama kwenye rojo. Kikipasuka lakini nyuzi zikakishikilia, umefanya vizuri, kwani dari ya namna hiyo haimwangukii mtu kichwani bila kumwonya.

Na uwe mkali na unene. Bodi ikipungua kutoka milimita 12 hadi 10, uzito inaoweza kubeba unapungua kwa karibu theluthi moja.

Nikichanganya na saruji kidogo zitakuwa ngumu zaidi?

Usifanye hivyo. Jasi na saruji ya kawaida vikikaa pamoja na unyevu hutengeneza fuwele zinazovimba, na bodi inapasuka baada ya muda.

Na bafuni?

Pale mvuke unapokaa, tafuta bodi ya aina nyingine. Jasi huyeyuka kwenye maji, kidogo kidogo.

Ni kweli jasi inazuia moto?

Inauchelewesha, na sababu yake inanifurahisha kila nikiieleza. Ile bodi kavu ya kilo 4.7 bado imefunga ndani ya fuwele zake karibu lita 1 ya maji. Moto ukiipiga, joto linatumika kuyafukuza, na hadi yaishe upande wa pili haupandi sana kupita nyuzi 100. Yakiisha, bodi inanyauka na kupasuka.

Mwanangu wa miaka 9 anataka kuzamisha mkono kwenye plasta iliyobaki ndooni apate umbo lake. Ina madhara?

Usimruhusu, ndugu yangu. Plasta nyingi ikiganda hupanda joto hadi karibu nyuzi 60, na wakati huo mkono umeshabanwa, hautoki. Watu wameungua vibaya namna hiyo. Mpe bonge la udongo wa mfinyanzi aubonyeze mkono wake, autoe, kisha mmimine plasta kwenye ile alama.