Matairi ya tela la kulala: pitia mzani kabla ya duka

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili: ubadilishe matairi ya tela au la, na kama ni kubadilisha ufunge yapi. Umenunua tela la kulala la mtumba hapo Dallas, futi 24, ekseli mbili za kubeba paundi 3,500 kila moja. Matairi yake ni ST205/75R14 (ST maana yake ni tairi maalumu la tela) ya daraja C la kubeba mzigo, bado yana kashata nene, yale meno ya juu, na fundi kakwambia kama unataka kubadilisha atakufungia ya gari dogo kwa bei nafuu. Usimpe hela kwanza.

Julai 2018 nilikuwa navuta la kwangu kutoka Houston kwenda Corpus Christi, mke na watoto wako nami kwenye pikapu. Tumeshaipita Victoria, tuko barabara ya 77, mwendo maili 60. Ukapigwa mshindo, halafu pa-pa-pa-pa, kama mtu anachapa bati kwa mkanda. Nilipofanikiwa kutoka pembeni nikakuta tairi la nyuma kulia limebanduka ngozi yote ya juu, na ile ngozi ilivyokuwa ikizunguka imechapa tumbo la tela: imekata bomba la maji ya jikoni, imeng'oa waya za taa, imetoboa sakafu chini ya kabati la vyombo. Nikapitisha kiganja juu ya tairi la mbele yake, lililoonekana zima. Katikati ya kashata nikagusa nundu kubwa kama yai. Nalo lilikuwa njiani kupasuka.

Kashata zilikuwa kama mpya! Nikaingia chini na tochi kusoma namba za DOT, zile zinazogongwa ubavuni mwa tairi kuonyesha lilitengenezwa lini. Tarakimu nne za mwisho ni 1411, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2011. Tairi la miaka saba. Aliyeniuzia hakusema, nami sikujua pa kuangalia, maana tarehe mara nyingi imeandikwa upande mmoja tu wa tairi na kwangu upande huo ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutandika boksi chini na kuingia uvunguni. Gari la kila siku humaliza kashata kabla tairi halijazeeka. Tela ni kinyume chake: linasimama miezi kwenye jua, limekalia sehemu ileile ya mpira, na mpira unakufa huku kashata zikiendelea kung'aa. Mimi nikifika mwaka wa tano natoa yote, spea ikiwemo.

Sasa uzito, na hapa naomba uwe mvumilivu maana ndiyo roho ya jambo lenyewe. Tairi lako la daraja C linabeba paundi 1,760 likiwa na upepo wa PSI 50 (paundi kwa inchi ya mraba). Mawili kwenye ekseli moja ni 3,520. Ekseli yako ni ya 3,500. Umeona? Kiwandani wamekuachia paundi 20, uzito wa begi moja la mtoto. Na hiyo ni kama mzigo umegawanyika sawasawa kulia na kushoto, jambo ambalo halitokei, kwa sababu jiko, friji na tangi la maji havijapangwa kwa mizani. Pakia tela kama unavyosafiri, maji, gesi na vyombo vyote ndani, upitie CAT Scale, ule mzani wa kupimia magari, kwenye kituo cha malori. Watakupa karatasi yenye uzito wa ekseli. Ndipo uende dukani.

Ningekuwa wewe ningechukua saizi hiyohiyo ya daraja D: paundi 2,040 kwa PSI 65. Matairi manne ni 8,160 badala ya 7,040. Lakini geuza rimu usome nyuma yake, kuna uzito wa mwisho umegongwa kwenye chuma, na wakati mwingine upepo pia. Rimu isiyomudu, tairi zuri halikusaidii. Valvu nazo badilisha, weka za chuma. Zile za mpira za kawaida mwisho wake ni hiyo PSI 65, na sipendi kitu kinachofanya kazi ukingoni.

Hayo ya gari dogo kataa. Tairi la gari dogo likifungwa kwenye tela, uzito ulioandikwa ubavuni inabidi uugawe kwa 1.10, kwa hiyo linabeba pungufu ya unachosoma. Tena ubavu wake ni laini, na tela la ekseli mbili ukikata kona ya nyuma kwenye kambi linaburuza matairi kwa ubavu mpaka unaona yamepinda. Ubavu mgumu wa ST umetengenezwa kwa ajili hiyo.

Angalia na herufi ya mwendo, ile ya ubavuni inayoonyesha kasi ya mwisho ya tairi. Matairi mengi ya ST yasiyo na herufi mwisho wake ni maili 65 kwa saa. Ukishika barabara kuu ya I-10 kuelekea El Paso kuna sehemu kibao kinaruhusu 80, na malori yanakusukuma. Mimi nimefunga Goodyear Endurance, nazo ni za ST, zina herufi N, yaani maili 87 kwa saa, ila sizidishi 65. Herufi naitaka kwa ajili ya joto. Nikifika kituo cha mafuta nagusa kila tairi kwa mgongo wa mkono, na likizidi wenzake joto nalichunguza.

Upepo jaza asubuhi kabla jua halijapiga, mpaka kiwango kilichoandikwa ubavuni. Ukipima mchana ukakuta umepanda, usipunguze. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi, linachemka, na ndivyo ngozi inavyoachana na nyuzi za chuma.

Na likipasuka moja, Mungu aepushe, jua kwamba mwenzake wa upande uleule amebeba mzigo wa wawili mpaka uliposimama. Mtoe naye, hata kama anaonekana mzima.

Baada ya kufunga mapya, kaza nati tena kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza ukifika maili 10, 25 na 50. Rimu hukaa polepole na nati hulegea. Ukipata karatasi ya mzani weka namba hapa, tupige hesabu pamoja kabla hujalipa.