Dada mwenye boksi la keki

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kwa nini wanaume wengi hukasirika wakisikia 'wanaume' kwenye mijadala ya haki za wanawake mitandaoni?" Swali nimelisoma dukani kwangu, mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam, mteja amesimama anasubiri cheni ya bodaboda. Nikamwambia anivumilie kidogo.

Tunakasirika kwa sababu tunasingiziwa. Nina miaka 54. Sijawahi kumwinulia mke wangu mkono, mabinti wawili nimewasomesha kwa plagi na breki za pikipiki, halafu msichana asiyenijua hata jina anaandika kwamba nyie wanaume ni wale wale, na watu wanamshangilia. Wale wale na nani? Sema makonda wote wezi, utajibiwa. Sema wapangaji wote wasumbufu, utajibiwa. Ila mwanaume akijibu, anaambiwa ameguswa penye kidonda. (Mafundi gereji siwatetei. Hao nimefanya nao kazi miaka 26, nawajua.)

Mwezi uliopita kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu yalizuka maneno kuhusu umri wa kuolewa. Mpwa wangu akaandika: "Wanaume ndio mnaotaka kuoa watoto." Nikamjibu kwa herufi kubwa, kosa langu hilo nalikubali, kwamba mimi sikuoa mtoto, baba yake hakuoa mtoto, wala babu yake wa Tanga hakuoa mtoto. Binti yangu mkubwa, ambaye humo ndani kazi yake ni kutuma picha za vyakula, akaingilia: "Baba, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 13, inasema mwanamume asioe kabla ya miaka 18, mwanamke asiolewe kabla ya 15. Haikusema baadhi ya wanawake. Mbona hiyo hukuwahi kuiandikia herufi kubwa?"

Kifungu hicho Mahakama Kuu ilikikataa mwaka 2016, Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Muda wote huo nina mabinti nyumbani, na habari sina. Binti hakuishia hapo. Akaleta na ule utafiti wa kitaifa wa 2015-16, kwamba wanawake 4 kati ya 10 wenye miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu watimize miaka 15. Nikaandika, "Basi sita wako salama, kwa hiyo si wote." Niliona nimeshinda. Mama yao alikuwa ameketi pembeni yangu, akaisoma ile meseji begani kwangu, akainuka akaenda kutoa nguo kambani.

Lakini si hilo lililonifanya niwaandikie. Ni la daladala.

Ilikuwa mwaka juzi, Ijumaa jioni, gari la Gongo la Mboto kutoka Kariakoo. Saa ile mnaijua wenyewe, watu wanapandia madirishani. Mimi nilibahatika siti, nyuma ya dereva. Ilala Boma akapanda dada mmoja wa miaka ishirini na kitu na boksi la keki, lile jeupe lenye kidirisha cha nailoni juu. Gari limeshona. Akalinyanyua boksi juu ya vichwa vya watu kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameshika bomba. Nililiona jina kwenye keki kupitia kile kidirisha, limeandikwa kwa krimu ya pinki, na herufi ya mwisho imebanwa pembeni kwa kukosa nafasi. Nikamwambia, "Lete nikupakatie, mwanangu." Akasema, "Asante mzee, likiinama tu limeharibika." Sikumlaumu. Barabara yenyewe na dereva yule!

Tulipopita Buguruni akaanza kujisogeza. Mbele, pembeni, mbele tena. Mara akapiga kelele: "We kaka, vipi? Nyie wanaume wote washenzi!"

Nyuma yake alikuwepo mtu wa makamo, shati la drafti, bahasha ya kaki ameishika mbele ya suruali. Akatazama juu kama anayehesabu misumari ya paa.

Na mimi nikafanya nini? Nikageuka nikamwambia yule dada, "Mwanangu, usiseme wote. Mimi nimekukosea nini?"

Akasema, "Mzee, sijakusema wewe."

"Umesema wote. Na mimi si mwanaume?"

Basi hapo gari likawa baraza. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akasema kweli, wapo wastaarabu. Kijana wa nyuma akasema wanawake nao mavazi, akazomewa, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Konda, mguu mmoja mlangoni, akatoa hukumu kwamba hata yeye ana dada. Mimi nikasimulia habari za mabinti zangu, wamesoma wapi na wapi, mpaka na ada. Niliongea vizuri, bado nakumbuka nilivyoongea vizuri. Na yule dada muda wote huo mkono uko juu na keki, mwingine kwenye bomba, hana hata wa kumsukuma mtu.

Tazara gari likasimama. Yule mwenye bahasha akapenya, akashuka. Dada akasema, "Huyo anashuka! Mshikeni!" Tuligeuka wote, na alikuwa ameshapotelea kwenye watu. Konda akapiga bodi, tukaondoka. Nilipomtazama yule dada, kona moja ya boksi ilikuwa imebonyea na krimu imekipaka kile kidirisha, jina halisomeki. Hakulia. Alishuka Banana bila kunitazama, na konda akaniambia, "Mzee, umeshinda kesi."

Sasa kuna jambo ambalo hata mama watoto sijamwambia, na nilipoanza kuandika sikuwa na nia ya kulisema. Yule mtu nilimwona mapema. Buguruni walishuka watu, nyuma kukawa na nafasi, na yeye badala ya kurudi nyuma akasogea mbele, kwa yule dada. Nilimwona. Nikajiambia labda anashuka karibu, nikatoa simu nikaangalia matokeo ya mpira. Kwa hiyo yule dada aliposema "wote", mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuruka haraka vile.

Sisemi kila mwanaume anayelalamika ana lake alilolificha. Nikisema hivyo nitakuwa nimejumlisha yale yale ninayoyapinga. Wapo waliosingiziwa kweli. Ninamfahamu jirani aliyekaa mahabusu siku nne kwa neno la uongo, na mtu kama huyo ukimwambia "nyie wanaume" unamtonesha. Na wapo wasichana wanaoandika vile kwa kutafuta tu wa kuwashangilia, mnajua wenyewe.

Mkitaka jibu langu, basi ni hili: neno "wote" ni kosa, na mabinti zangu nitaendelea kuwasahihisha. Ila mkiniuliza yule dada pale Buguruni alipaswa kusema nini, nasema alisema sawasawa. Nimejaribu kuyapatanisha hayo mawili tangu asubuhi, nimeshindwa, na yule mteja wa cheni ameshaondoka. Kwenye daladala, nikilisikia tena, nitasimama kwanza nimpe siti, au nimkamate huyo mtu shati kama magoti yataniruhusu, maneno baadaye. Mitandaoni siahidi. Huko sina subira, na Desemba mpwa wangu yule yule anaolewa, mimi ndiye mwenyekiti wa kamati, na kundi la harusi limeshafunguliwa.

Msomaji wenu, Gerezani, Dar es Salaam