Masikio kuziba ukishuka Mai Mahiu

Umeuliza mbona matatu ikishuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu masikio yanaziba na redio inasikika kama iko kwa jirani. Ni hivi, sauti ikiingia inagonga kiwambo cha sikio, kile kingozi chembamba huko ndani, kinatikisika kinasukuma vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku (kikuku ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini, kama milimita 3 tu) na hivyo ndo vinapeleka mtikisiko kwa koklea, ile imejikunja kama konokono, ndani kuna maji na vinyweleo vidogo sana vinavyotuma habari kwa ubongo. Sasa ukishuka, presha ya hewa nje inapanda haraka kuliko ile iko nyuma ya kiwambo, kwa hiyo kiwambo kinasukumwa ndani kinakaza, hakitikisiki vizuri. Meza mate ama piga mwayo, kuna mrija unatoka sikio la kati hadi nyuma ya pua, unafunguka, utasikia "tak" na sauti zinarudi. Kama uko na mtoto mchanga mnyonyeshe mkianza kushuka, na tafadhali usimchokoe na pamba, shida haiko huko nje kabisa.