TB ya tonsili wakati kifua ni safi
Dada, umeuliza kama kaka yako anaweza kuwa na TB ya tonsili (mafindofindo ya kooni) ilhali eksirei ya kifua ni safi na hakohoi. Ndiyo, anaweza. TB nje ya mapafu hupenda zaidi tezi za limfu (mitoki), hasa za shingo. Ya tonsili ni nadra. Ila hayo uliyoyataja yananitia wasiwasi: uvimbe wa tonsili ya upande mmoja, antibiotiki zimegonga mwamba, na tezi shingoni zisizouma. Kupima makohozi peke yake hakutoshi. Aende kwa daktari wa koo akatwe kinyama kipimwe maabara, maana saratani nayo huja hivyohivyo. Apime na VVU. Ikithibitika ni TB, dawa kwa kawaida ni miezi 6, na hospitali za serikali hutoa bure. Asichelewe, tafadhali.