Maswali na majibu: Uliza kwanza deni ni la sarafu gani

Maswali yamerundikana, na karibu nusu yake ni swali lilelile. Naanza nalo ili tupumue.

SWALI: Dola itaanguka lini? Nasikia BRICS, lile kundi la Brazil, Urusi, India, China, Afrika Kusini na wenzao, wanaleta sarafu yao.

JIBU: Mnaoniuliza hivi mnatumia maneno yaleyale, hata koma zimekaa palepale, kwa hiyo kuna video inayowazunguka. Sarafu ya BRICS haipo. Zaidi ya nusu ya akiba za fedha za kigeni katika benki kuu za dunia bado ni dola. Ndiyo, sehemu hiyo imepungua kutoka kama asilimia 70 miaka ya kuanzia 2000, lakini imepungua kwa mwendo wa kobe. Na ile benki ya maendeleo waliyoifungua Shanghai? Mikopo yake mingi inatolewa kwa dola. Ukitaka kujua mtu anaamini sarafu gani, usisikilize hotuba yake. Tazama anakopesha kwa sarafu gani.

SWALI: Nchi maskini inashindwa nini kuchapisha noti ikalipa madeni yake?

JIBU: Mdai wa dola hazitaki hizo noti. Zimbabwe ilitoa noti ya trilioni 100 Januari 2009, na kabla mwaka haujaisha watu walikuwa wananunua na kuuza kwa fedha za wengine.

SWALI: Deni likifika asilimia ngapi ya pato la taifa ndiyo hatari?

JIBU: Hapa nakaa kitako, maana hii asilimia imepofusha watu wengi.

Deni la Serikali ya Japani limepita asilimia 200 ya pato la taifa. Miaka nenda miaka rudi tunaambiwa wataanguka kesho, na kesho haifiki. Sababu haina muujiza: wanadaiwa kwa yeni, na wanaowadai wengi ni Wajapani wenyewe. Serikali inayodaiwa kwa fedha inayoichapisha ina matatizo yake, lakini haiwezi kuamka asubuhi ikakuta deni limeongezeka mara tatu usiku.

Sasa tazama Zambia. Ilisamehewa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje katikati ya miaka ya 2000, ikawa na daftari safi. Mwaka 2012 ikauza hatifungani, yaani hati ya kukopa kwa wawekezaji, ya dola milioni 750, mwaka 2014 nyingine ya dola bilioni 1, mwaka 2015 nyingine ya bilioni 1.25. Wanunuzi waligombania. Riba Marekani ilikuwa karibu na sifuri na kila mwenye mtaji alitafuta pa kuuweka. Wakati ule tulisomewa kwamba hiyo ni heshima, kwamba nchi imekubalika sokoni.

Chukua ile ya 2014 peke yake. Riba yake ilikuwa asilimia 8.5 kwa mwaka, ikilipwa mara mbili, yaani dola milioni 42.5 kila miezi sita. Ilipouzwa, dola 1 ilipatikana kwa kwacha kama 6, hivyo malipo hayo yalikuwa kama kwacha milioni 255. Kisha bei ya shaba ikaanguka mwaka 2015, na shaba ndiyo inayoiletea nchi hiyo sehemu kubwa ya dola zake. Kwacha nayo ikafuata shaba shimoni. Ilipofika Oktoba 2020, katikati ya korona, dola 1 ilikuwa inatafutwa kwa kwacha 20. Malipo yaleyale ya dola milioni 42.5 sasa yalitaka kwacha milioni 850. Barabara haijaongezeka hata mita. Kodi inakusanywa kwa kwacha. Malipo ya Oktoba yakapita, siku 30 za subira zikapita, na katikati ya Novemba Zambia ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kushindwa kulipa tangu janga lianze.

Huko ndiko kukopa harusi na kulipa matanga. Kwa hiyo ukisikia waziri yeyote anasema deni ni himilivu kwa sababu ni asilimia kadhaa ya pato, muulize mambo matatu: ni la sarafu gani, linatakiwa kulipwa mwaka gani, na kilichojengwa nalo kinaingiza dola au kinazitumia tu. Asilimia atakutajia bila kuombwa.

Onyo ambalo hukuuliza: mkopo wa riba inayopanda na kushuka ni hatari zaidi. Benki Kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022 ikiwa karibu na sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Waliosaini mikataba ya namna hiyo walipandishiwa bili na kikao ambacho hawana kiti.

SWALI: Basi wa kulaumiwa ni China au Wazungu?

JIBU: Wote waliokopesha, na wote waliotia sahihi. Linalofuata.

SWALI: Tunatangaziwa uchumi unakua kwa asilimia 6, mbona mifukoni hakuna kitu?

JIBU: Toa kwanza ongezeko la watu. Kama watu wanaongezeka kwa asilimia 3, kilichobaki kwa kila kichwa ni nusu ya sherehe. Kisha uliza nani anamiliki kilichokua. Mgodi wa kampuni ya kigeni unahesabiwa katika pato la ndani hata kama faida inapaa kwenda kwa wenye hisa nje.

Kichekesho kikubwa kilitoka Ireland. Takwimu zao zilionyesha uchumi umekua kwa asilimia 26 mwaka 2015. Hakuna aliyeamka tajiri. Kampuni kubwa za kimataifa zilikuwa zimehamishia mali zao huko kwenye makaratasi, hasa hakimiliki, kwa sababu za kodi. Waliona aibu wakabuni kipimo kingine cha kujihesabia. Nigeria nayo, Aprili 2014, ilisasisha mbinu za kupima na pato lake likapanda kwa asilimia 89 kwa siku moja, ikaipita Afrika Kusini. Simon Kuznets, aliyeongoza hesabu za kwanza za pato la taifa la Marekani, alilionya Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba namba hiyo haipimi ustawi wa watu. Onyo lilisahaulika, namba ikabaki.

SWALI: Ninunue dhahabu?

JIBU: Hapana, namaanisha usiniulize mimi.

SWALI: Kwa nini nchi tajiri zimepunguza misaada wakati zenyewe ndizo zilizoahidi?

JIBU: Ahadi ni deni, ila deni hili halina mahakama. Mwaka 1970 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha lengo la asilimia 0.7 ya pato la kila nchi tajiri. Waliolifikia kwa uthabiti wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, wengi wao wa Skandinavia. Uingereza ililifikia mwaka 2013, ikalitungia sheria mwaka 2015, ikashuka hadi 0.5 mwaka 2021, na sasa imetangaza kufika 0.3 ifikapo 2027. Marekani, ambayo haikulikubali kamwe, iliivunja USAID, shirika lake la misaada, mwaka 2025 ndani ya miezi michache. Dawa za watu zilikuwa njiani.

Sisemi misaada ni mibaya. Dawa za ukimwi zilizolipiwa na wengine zimeokoa mamilioni. Nasema bajeti ya afya inayosubiri uchaguzi wa nchi nyingine si bajeti.

Na wakati tunalilia misaada hiyo, fedha zinazotumwa nyumbani na walio ughaibuni zimeshaipita kwa mbali. Kutuma dola 200 bado kunakata wastani wa zaidi ya asilimia 6, yaani kama dola 12 zinabaki njiani. Lengo la dunia ni chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kupunguza makato hayo hakuhitaji huruma ya bunge lolote, na sijui kwa nini hakuna anayeandamana kwa ajili yake.

SWALI: Korea Kusini na Ghana zilikuwa sawa wakati wa uhuru. Tatizo letu si uvivu tu?

JIBU: Natamani ulinganisho huu upumzishwe. Korea iligawa ardhi upya, ikapokea misaada mingi ya Marekani kwa sababu za vita baridi, ikaelekeza mikopo ya benki kwa viwanda vilivyouza nje na kuvinyima vilivyoshindwa. Hakuna hata kimoja hapo kinachoitwa bidii ya asubuhi. Halafu mwaka 1997 hiyohiyo Korea, pamoja na viwanda vyake vyote, ilipigishwa magoti mbele ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Kwa sababu gani? Deni la dola la muda mfupi. Raia walipanga foleni kuchangia pete zao za dhahabu. Tumerudi palepale kwenye sarafu.

SWALI: Lesotho iliikosea nini Marekani hadi ikatozwa ushuru wa asilimia 50?

JIBU: Iliishonea suruali za jinzi. Mwaka 2024 iliiuzia bidhaa za dola kama milioni 237 na kununua za chini ya milioni 3. Kanuni iliyotangazwa Aprili 2025 ilichukua tofauti hiyo, ikaigawanya kwa mauzo, ikaikata nusu. Jibu likatoka 50. Baadaye ulishushwa hadi 15, lakini mnunuzi wa nguo huweka oda miezi kadhaa mapema, na oda iliyohamishwa haikungoji.

SWALI: IMF ni adui au rafiki?

JIBU: Ni chama cha kukopa ambacho kura zake zinafuata mtaji. Maamuzi makubwa yanataka asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya 15. Agosti 2021 ilipogawa akiba ya dola bilioni 650 kwa wanachama wote, Afrika nzima iliambulia kama bilioni 33. Anayeingia pale bila kujua hili ataita adui kitu ambacho ni katiba tu.

SWALI: Wewe hujawahi kukosea?

JIBU: Niliandika mwaka 2021 kwamba utaratibu mpya wa kupanga upya madeni wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, ungemaliza shauri la Zambia ndani ya mwaka. Wenye hatifungani walikubaliana nayo mwaka 2024. Msomaji mmoja alinipinga wakati ule, akasema wadai watasubiriana nani aanze kupoteza. Sikumjibu. Kama bado unasoma, ulikuwa sahihi.