Kuweka lebo samaki: makosa yanayozaa samaki wa karatasini

Anayeingia kwenye kazi ya kuweka lebo samaki hudhani ujuzi wote uko kwenye sindano. Mkono wa sindano hauchukui muda mrefu kuuzoea. Kazi ngumu ni mbili: samaki arudi majini akiwa na nguvu za kuishi kama wenzake, na namba iliyo mgongoni mwake iwe ileile iliyo kwenye fomu. Ukikosea hapo hutaliona kosa siku hiyo. Litajitokeza miezi kadhaa baadaye kwenye hesabu, na mara nyingi litaelemea upande mmoja: samaki wataonekana wengi kuliko walivyo.

Hesabu ya msingi ya kukadiria idadi ya samaki majini kwa lebo ni ya C. G. Johannes Petersen, mtafiti wa Denmark aliyewawekea alama samaki bapa mwishoni mwa karne ya 19. Ukiweka lebo samaki 400 ziwani, ukarudi baadaye ukavua 300, na 24 kati yao wakawa na lebo, unazidisha 400 kwa 300 na kugawa kwa 24. Jibu ni samaki 5,000. Sasa tuseme 80 kati ya wale 400 walikufa kwa kushikwa vibaya, au lebo zao zilidondoka. Lebo zilizobaki majini ni 320 tu, na idadi ya kweli ni 4,000. Samaki 1,000 wamezaliwa kwenye karatasi, na anayepanga kiwango cha kuvua atawaruhusu wavuvi wavue samaki ambao hawapo. Kila hatua iliyo hapa chini inalinda mojawapo ya namba hizo tatu. (Sampuli ikiwa ndogo, tumia marekebisho ya Chapman: ongeza 1 kwenye kila namba, kokotoa, kisha toa 1 kwenye jibu. Kwa zile namba za mwanzo utapata 4,827.)

Maji kabla ya sindano

Andaa matangi matatu kabla wavu haujashuka: la kupokelea, la usingizi na la kuzindukia. Maji yote yachotwe palepale samaki wanapovuliwa. Kila tangi liwe na kipimajoto chake, na mtu mmoja apewe kazi ya kukisoma kila robo saa. Maji ya tangi yakizidi yale ya nje kwa nyuzi 2, yabadilishe kidogokidogo. Yakipata joto hubeba oksijeni kidogo, wakati huohuo mwili wa samaki unahitaji oksijeni zaidi, kwa hiyo hali huharibika kwa kasi kuliko unavyotarajia. Oksijeni ikishuka chini ya miligramu 5 kwa lita, simamisha kupokea samaki wapya hata kama pampu ya hewa inafanya kazi. Ukilazimika kupoza maji kwa barafu, iweke ndani ya chupa zilizofungwa. Barafu ya maji ya bomba ikiyeyukia tangini huleta klorini, na klorini huunguza matamvua.

Kisha ute. Mikono iwe imelowa, wavu wa kuopolea uwe usio na mafundo, na samaki alazwe juu ya sponji iliyoloweshwa au kwenye kihori cha plastiki laini. Glavu kavu za pamba, taulo kavu na ubao wa kupimia ulioachwa juani vyote hukwangua ute. Ukimhifadhi samaki wa namna hiyo siku chache utaona mabaka meupe ya ukungu yakiota, na mara nyingine yanafuata kabisa umbo la vidole vilivyomshika.

Nje ya maji lenga sekunde 30, na dakika moja iwe mwisho. Ukishindwa kumaliza, mrudishe tangini apumzike, kisha uendelee. Tukifuatilia mahali muda unapopotea, mara nyingi si kwenye sindano. Ni mizani isiyotulia, au karani anayetafuta fomu mpya. Fomu ziwe zimepangwa, na lebo ziwe zimepangwa kwa mfuatano wa namba, kabla samaki wa kwanza hajatoka majini.

Si kila samaki anafaa kuwekwa lebo. Anayetoka damu matamvuani, aliyemeza ndoana, au aliyetolewa kwenye kina kirefu akiwa na tumbo lililofura na macho yaliyotoka, mpime, andika hali yake, kisha umwache bila lebo. Mwishoni mwa siku, malengo yasipofikiwa, hapo ndipo shinikizo la kuweka lebo samaki dhaifu huwa kubwa. Likatae. Lebo 60 kwenye samaki wazima zina manufaa kuliko 100 ambazo hujui ngapi zimezama na mizoga.

Usingizi

Mafuta ya karafuu, yanayotumika kumlaza samaki, hayachanganyiki vizuri na maji, hasa yakiwa baridi. Changanya kwanza sehemu 1 ya mafuta na sehemu 9 za ethanoli, tikisa, hifadhi kwenye chupa ya kahawia. Mililita 8 za mchanganyiko huo ndani ya lita 20 za maji hutoa takriban miligramu 40 za mafuta kwa lita. MS-222, dawa nyingine ya kulaza samaki, hutumika kati ya miligramu 50 na 100 kwa lita, ila huyafanya maji yawe na asidi. Ongeza bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuokea, kwa uzito uleule wa dawa au mara mbili yake, kisha upime pH na uilinganishe na ya maji ya nje. Usipofanya hivyo samaki hurukaruka tangini kwa kuchomwa, na wewe utadhani dozi ni ndogo, uongeze.

Anza na samaki mmoja au wawili. Dozi nzuri humpindua ndani ya dakika 3, na akirudi kwenye maji safi husimama wima ndani ya dakika 5. Tazama kifuniko cha matamvua: kipunguze mwendo, kisisimame. Kikisimama, mpeleke maji safi mara moja, umshike akielekeza kichwa kwenye mkondo ili maji yaingie mdomoni. Usimvute mbele na nyuma, kwani maji yanayoingia kwa nyuma hayamsaidii kupumua.

Kabla ya kuchagua dawa, jua samaki wako ataliwa lini. Marekani, samaki aliyepewa MS-222 hatakiwi kuliwa kabla ya siku 21 kupita, na nchi nyingi zina masharti yake kuhusu mafuta ya karafuu. Samaki anayeweza kuvuliwa kesho akaliwa keshokutwa asipewe dawa isiyoruhusiwa. Kwa lebo ya nje, samaki mkubwa mwenye nguvu mara nyingi hahitaji dawa kabisa: mlaze kwenye kihori, mfunike macho kwa kitambaa kilicholoweshwa, atatulia. Jodari wanaovuliwa kwa ufito hushughulikiwa hivyo, ndani ya sekunde chache tu. Ndivyo mradi mkubwa wa Bahari ya Hindi Magharibi ulivyoweza kuweka lebo jodari zaidi ya 160,000 kati ya mwaka 2005 na 2007.

Lebo ya uzi

Hii ni ile ya plastiki yenye kichwa cha umbo la T, inayopigwa kwa bastola ya lebo. Huwekwa chini ya pezi la mgongoni, na upande uwe uleule kwa kila samaki ili anayetafuta ajue pa kuangalia. Ng'oa gamba moja kwa ncha ya sindano. Ielekeze sindano mbele, upande wa kichwa, kwa pembe ya takriban nyuzi 45, ili lebo ilale kuelekea mkiani samaki anapoogelea. Sukuma hadi uhisi sindano imepita katikati ya vile vifupa vinavyoshikilia pezi. Bonyeza, zungusha mkono robo duara, chomoa taratibu, kisha vuta lebo kidogo. Ikishika, umemaliza. Ikicheza, ikate uweke nyingine, na namba ya ile ya kwanza iandikwe "imeharibika", isiachwe wazi.

Kosa linaloongoza ni kuchoma juujuu. Kichwa cha T hubaki kwenye nyama badala ya kujifunga nyuma ya vifupa, lebo inachezacheza kila samaki anapopiga mkia, kidonda hakifungi, na baada ya muda lebo inadondoka. La pili ni sindano butu, ambayo huburuta gamba na ngozi ndani ya kidonda. Ipitishe kidole cha glavu: ukihisi kingo zimekunjwa, badilisha. La tatu ni lebo mbili kuingia sindanoni kwa pamoja. Soma namba baada ya kuchoma, usisome iliyo kwenye mkanda.

Chipu na vipaza sauti

Chipu ni lebo yenye namba inayoingizwa ndani ya mwili. Ya kawaida ina urefu wa milimita 12, haina betri, na huamshwa na kisomaji cha kilohezi 134.2. Msome samaki kabla, kwa sababu huenda ana chipu tayari, na msome tena baada ya kumchoma. Sindano iingie kwa pembe ndogo, tumboni, kando kidogo ya mstari wa kati, ikome mara tu inapopenya ukuta wa tumbo. Ikizidi hutoboa utumbo. Kwa baadhi ya spishi, kama samoni na trauti, jike huweza kuitoa chipu ya tumboni pamoja na mayai wakati wa kutaga, basi usichukulie kwamba isiyoonekana ni kifo. Chuma hupunguza umbali wa kusoma, kwa hiyo ubao wa kupimia uwe wa plastiki. Chipu mbili zikikaribiana huzibana na kisomaji kikakaa kimya.

Vipaza sauti vinavyotoa mlio majini, vingi vyake vya kilohezi 69, hufanya kazi hata baharini na kwenye maji yenye chumvi. Vifaa vya redio ni kwa maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi huyafyonza mawimbi yake. Desturi ya zamani ni kwamba uzito wa kifaa hewani usizidi asilimia 2 ya uzito wa samaki: kifaa cha gramu 10, samaki wa gramu 500 na kuendelea. Baadhi ya spishi huhimili zaidi, lakini anayeanza aanzie hapo. Upasuaji wa kukiingiza kifaa tumboni ujifunze kwa samaki waliokufa hadi uweze kushona nyuzi mbili tatu bila kusita. Na kabla ya kukiingiza kifaa, hakikisha sumaku inayokizima imetolewa na mlio unasikika. Kifaa kizima kilichozikwa tumboni kikiwa kimezimwa ni hasara isiyorudishika, na hutokea siku ambazo kila mtu ana haraka.

Karatasi

Penseli na karatasi isiyolowa. Msomaji ataje namba tarakimu kwa tarakimu, karani airudie kwa sauti, msomaji aseme "sawa". Bila kurudia, 3801 na 3081 hubadilishana, na huyo samaki akivuliwa tena hatambuliki. Amueni aina moja ya urefu, wa hadi panda ya mkia au hadi ncha, na iandikwe juu ya kila fomu. Chunguzeni urefu uliopimwa siku ya kwanza: ukiona namba nyingi zinaishia na 0 na 5, mpimaji anakadiria.

Viwianishi viwe vya mfumo mmoja. Nyuzi 6 na dakika 30 ni 6.5, si 6.30. Tofauti hiyo ya 0.2 kwenye latitudo ni maili 12 za baharini, takriban kilomita 22, na kwa mtu anayesoma ramani itaonekana kana kwamba samaki amesafiri.

Lebo zilizopotea na zisizorudi

Ili kujua lebo ngapi zinadondoka, sehemu ya samaki wapewe lebo mbili. Tuseme umewapata tena 40 wakiwa na zote mbili na 20 wakiwa na moja. Gawa 20 kwa jumla ya 20 na mara mbili ya 40, yaani 100. Kila lebo ina uwezekano wa asilimia 20 kudondoka. Hesabu hii hudhani kuwa lebo moja kudondoka hakuhusiani na nyingine, kwa hiyo zipige pande tofauti.

Lebo zinazokaa kwa wavuvi bila kuripotiwa ni tatizo kubwa zaidi, na fomula pekee haiwezi kulitatua. Njia mojawapo ni mwangalizi kuwapandikizia lebo kwa siri samaki waliokwisha vuliwa, kisha kuangalia ngapi zinarudishwa: zikirudi 30 kati ya 50, kiwango cha kuripoti ni asilimia 60. Ila kiwango chenyewe hupandishwa na mwenendo wetu. Zawadi itolewe papo hapo mwaloni, isiwe ahadi ya ofisini. Mvuvi aulizwe mambo machache anayoyajua: namba, tarehe, mahali, chombo cha kuvulia, urefu. Na arudishiwe taarifa ya samaki wake: aliwekwa lebo wapi, amekaa majini siku ngapi, amekua sentimita ngapi. Mvuvi asiyepata jibu la lebo ya kwanza huitupa ya pili.

Samaki akifia tangini usimtupe. Futa namba yake kwenye orodha ya walioachiwa, andika muda na joto la maji, kisha mpasue utoe vijiwe vya sikioni kwa ajili ya kusoma umri. Fomu zote zipigwe picha kabla hazijatoka kwenye boti, na anayepiga picha asiwe yule aliyeandika, maana yeye ndiye atakayegundua tarakimu isiyosomeka wakati karani bado anaikumbuka.